Vitambaa vya Rangi Tatu Kando ya Ziwa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, tena nikiwa na kuku kwapani. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine. Ikishafika sokoni Malindi itakuwa imetiwa chumvi, na hii haihitaji chumvi hata chembe.

Kwa wasionijua: mimi ni Dama, fundi cherehani. Siku za kazi nashona. Jumamosi naendesha baiskeli na wenzangu kuzunguka lile ziwa dogo lililo nyuma ya mji ukielekea bara. (Ndiyo, mama wa makamo ndani ya taiti nyeusi. Mlishacheka mwaka juzi, hatuanzi upya.)

Njia ya ziwani haina adabu. Masika maji yanapanda na kuimeza, tunalazimika kupita juu, katikati ya mashamba ya watu. Kipupwe maji yanashuka na kutuachia tope la kunata, gurudumu linakwama kama limetiwa gundi. Vuli miiba inaota kwa hasira. Kiangazi ziwa linabaki dimbwi na ardhi inapasuka nyufa za kumeza tairi. Kila msimu njia inahama, na ikihama lazima pawe na mtu wa kuifuata na panga. Mwaka huu mtu huyo nilijiteua mwenyewe, kwa sababu nina kiherehere.

Sasa masika yamepita lakini maji bado yamejaa, kwa hiyo njia inapita shambani kwa Hawe Kadzo. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Anaishi peke yake pale ziwa linapopinda, mbali na kijiji, na huko kijijini sisi hatukuwahi kufika. Nilipokwenda kumwomba atupishe alisema, "Piteni tu, mradi mihogo yangu msiikanyage." Tangu hapo kila Jumamosi tunaegesha baiskeli uani kwake, tunakula mihogo ya kuchemsha na kunywa madafu yake. Anatuita wanawe wa magurudumu.

Jumamosi hii tutakuwa na wageni kutoka Kilifi, watu wasioijua njia. Nikaona niweke alama. Jumatatu alfajiri nikaenda peke yangu na mfuko wa mabaki ya vitambaa kutoka kibandani kwangu. Nyekundu ya kaptula za shule, nyeupe ya mashati, nyeusi ya mabuibui. Nikapanga kwa akili nyingi: nyekundu ni hatari, nyeupe ni nyoosha, nyeusi ni shimo. Nikafunga vitambaa arobaini na vitatu vichakani, kuanzia ua wa Hawe mpaka upande wa pili wa ziwa. Nilijisifu mpaka nikajipiga picha.

(Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Wenzangu wa pwani mmeshaanza kushika vichwa. Mimi sikushika. Mimi niliona alama za barabarani.)

Halafu nikampigia simu mzee wa kijiji, anaitwa Karisa. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, tunajuana kwa simu. Tukapanga mweria leo Alhamisi. Mweria mnaujua: mwenye kazi anaita watu, anawapikia, na kazi ya mwezi mzima inakwisha asubuhi moja. Wao walete mapanga na majembe, mimi nilete mchele na pojo, tufyeke vichaka na kuziba mashimo. Karisa akasema, "Hakuna shida, fundi. Watu watakuja wengi."

Basi leo nimetoka Malindi asubuhi na mapema. Mchele na pojo ndani ya begi begani, pamoja na ule mfuko wa vitambaa vilivyobaki, panga nimelifunga kwenye baiskeli, mayai manne ya kuchemsha mfukoni na pilipili kwenye karatasi, maana mimi bila mayai safari haiendi. Simu ilikuwa imezima tangu jana, umeme ulipotea mtaani kwetu. Sikujali. Nani ananipigia mimi alfajiri?

Nafika kwa Hawe Kadzo. Kimya. Jiko baridi, mlango umefungwa, kuku tu wanaparua uani. Nikapiga hodi mara tatu. Nikajiambia labda ametangulia kwenye kazi. Nikaingia njiani.

Njiani hakuna mtu. Hakuna panga linalolia, hakuna anayeimba. Vitambaa vyangu vyote vipo, havijaguswa, na majani kando yake hayajakanyagwa tangu Jumatatu. Mbele nikamwona mama mmoja na ndoo kichwani. Alipokifikia kitambaa cheupe akasimama, akageuka, akaingia kwenye miiba kukizunguka. Miiba mirefu kama kidole! Nikamwita, "Mama, pita tu hapa, pako sawa!" Akanitazama toka helmeti hadi viatu, akaiacha ndoo, akakimbia.

(Nilidhani ni taiti.)

Nikafuata upande aliokimbilia, na huko nikasikia sauti za watu. Nikatokea kwenye uwanja mbele ya nyumba moja ya makuti. Kijiji chote kipo pale! Wanaume kwa wanawake, na mapanga yao na majembe. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kumbe mweria upo, ila wamekusanyikia hapa! Nikashuka kwenye baiskeli nikiwa na helmeti yangu na miwani yangu myeusi, nikasema kwa sauti, "Hamjambo jamani! Samahani nimechelewa."

Wote wakasimama. Mzee mmoja aliyevaa kofia na shati la mikono mirefu akanijia huku ameinama kidogo, akanikamata mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Tumekungoja tangu jua linatoka. Mimi ndiye Karisa."

Kikaletwa kiti cha plastiki. Kikapanguswa. Yakaletwa maji kwenye gilasi. Kisha akaletwa kuku, jogoo mweupe, miguu imefungwa, nikawekewa mikononi kwa heshima zote. Nikajiambia, Dama, umefika mbali. Watu wanaipenda njia hii kuliko ulivyodhani!

"Umekuja peke yako?" Karisa akauliza.

"Peke yangu. Wenzangu watakuja Jumamosi."

Minong'ono. Mtu nyuma yangu akasema, "Wako wengi."

"Umepita kule ziwani? Umeviona vile vitu?"

"Nimeviona. Vyote vipo, arobaini na vitatu."

Minong'ono tena, zaidi. "Hajakaa hata kidogo, idadi ameshaijua!" Nikatabasamu. Sifa nazipenda, siwafichi.

Karisa akageuka. "Katana, hebu mweleze mama ulichokiona."

Katana ni mwanamume mwembamba anayetega kambare ziwani. Akasogea mbele, akakohoa.

"Jumatatu nilikuwa naenda kutazama mitego yangu. Jua bado. Nikaona kitu. Cheusi, toka shingoni hadi miguuni. Kichwa kikubwa, kinang'aa, hakina nywele."

"Mulungu wangu!" nikasema.

"Kilikuwa kinakwenda kinyumenyume."

Nywele zilinisimama chini ya helmeti. (Chini ya helmeti, jamani. Na bado akili haikunijia.)

"Kinakwenda kinyumenyume na kinasema peke yake. Kinahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane. Sijui kinamhesabu nani."

Mama mmoja akaangua kilio, akasema kwao nyumbani ni watu kumi na wanane. Mimi nikamkumbatia jogoo kwa nguvu. Nilikuwa nimeogopa hasa, nikajiambia kumbe hapa ziwani pana mambo na sisi tunapita tu kila Jumamosi na vikengele vyetu!

"Kikifika njia panda," Katana akaendelea, "kinachuchumaa. Kinafunga kitambaa. Halafu kinakula."

"Kinakula nini?" nikauliza.

"Mayai. Maganda niliyaona mwenyewe, yamewekwa pale pale njia panda. Na pilipili."

Nikapapasa mfuko wangu.

Mayai manne yalikuwa mfukoni mwangu wakati ule ule. Na pilipili kwenye karatasi. Kinyumenyume? Ndiyo, nikishafunga kitambaa nilirudi nyuma kwa nyuma nione kama kinaonekana kwa mbali. Kuhesabu? Nilikuwa najirekodi kwenye simu nisisahau. Kichwa kikubwa kisicho na nywele kilikuwa kichwani kwangu, kimefungwa kidevuni.

Ndipo rangi tatu zikanijia. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Bafuta za uganga! Mama yangu ni Mgiriama wa kule Ganze, nimelelewa nikiziona, hata mtoto mdogo anajua vitambaa vya rangi hizo vikifungwa njiani huvigusi wala huviruki. Mimi nimezifunga arobaini na tatu, nimelizungushia ziwa la watu, na kwenye njia panda nikaongeza mayai.

Halafu nikaelewa kiti, maji na jogoo. Kuna mganga aliyeitwa kutoka mbali aje avifungue. Mama ambaye hawajamwona sura. Walidhani ni mimi.

"Vinaanzia uani kwa huyu," Karisa akasema, akanyoosha mkono.

Nikatazama. Katikati ya uwanja palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka, peke yake, ameketi Hawe Kadzo. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Hata kivuli walimwachia peke yake.

"Tumemuuliza siku tatu hasemi neno. Watu hawachoti maji, mbuzi hawashuki kunywa. Wengine wanataka ahame, mimi nikasema tungoje mtaalamu. Sasa mama, tuambie wewe. Ni yeye?"

Nawaambia ukweli wangu, maana nimeshaaibika na hakuna kilichobaki cha kuficha. Nilipata wazo baya. Nilijiambia: Dama, inuka, nenda na watu hawa, vifungue vyote arobaini na vitatu huku ukinung'unika maneno, sema shari imeondoka, panda baiskeli, nenda zako na jogoo wako. Nani atajua? Ningeondoka nikiwa na sifa kuliko nilivyokuja.

Hawe Kadzo akanitazama. Akatazama helmeti. Kisha akatazama viatu vyangu, vile vya buluu, na akavitazama sana. Jumatatu alinipa maji ya kuvioshea tope.

Alikuwa anajua. Siku tatu zote alijua ni nani.

Nikavua miwani. Nikavua helmeti. Nikamweka jogoo chini, akaanguka ubavu akaanza kupiga kelele, ikanibidi niseme kwa kumzidi sauti:

"Si yeye! Ni mimi!"

"Wewe nani?" Karisa akauliza.

"Mimi Dama! Fundi cherehani! Wa mweria!"

"Fundi wa kwenye simu?" Karisa akashika kofia yake. "Nimekupigia mara sita nikuambie usije!"

Hawakuniamini. Mtu akasema, "Anamkinga bibi." Mwingine akasema, "Wamepatana hao." Nikaona maneno hayatoshi, wanataka kuona. Nikafungua begi, nikatoa mfuko wenyewe, nikaumwaga uwanjani: mabaki ya vitambaa, nyekundu, nyeupe, nyeusi, na mkasi juu yake.

Ungeona watu walivyoruka! Katana alitua ndani ya mihogo. Yule mama wa watu kumi na wanane alipita juu ya jiko la mwenye nyumba. Karisa alibaki amesimama kwa sababu ya cheo, lakini alikuwa amejikinga kwa kile kiti cha plastiki.

"Ni nguo tu!" nikapiga kelele. "Hii nyekundu ni kaptula za shule! Hii nyeusi ni mabuibui!"

Kisha mwanamke mmoja akasogea taratibu, akainama, akaitazama ile nyekundu bila kuigusa. Akaita kwa mshangao, "Hii si kaptula ya mwanangu? Hii rangi ya shule yetu! Niliishonesha kwa huyu huyu, mwezi wa kwanza!" Akanitazama usoni. "Kumbe ni wewe! Tena ilipasuka matakoni wiki ya pili!"

(Kwa hiyo pia nimeumbuliwa kikazi. Mama, kama unasoma, ilete niirudie bure.)

Akaanza kucheka mmoja. Wakafuata wengine. Katana akatoka mihogoni akauliza kwa unyonge, "Na kichwa?" Nikavaa helmeti, nikarudi hatua tano kinyumenyume nikihesabu. Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Watu walijitupa chini. Yule mama aliyekimbia na kuacha ndoo alicheka mpaka akalia, akanipiga mgongoni kwa kofi ambalo bado linauma.

Hawe Kadzo hakucheka.

Karisa ndiye aliyeona kwanza. Akavua kofia, akaenda mpaka mkekani, akachuchumaa. "Hawe, tumekukosea." Kicheko kikakatika. Mmoja mmoja wakaenda, wengine hawakuweza hata kuinua macho. Aliwajibu wote kwa kuitikia kichwa. Mimi nikabaki wa mwisho.

"Hawe, ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, leo ungeingia hapa ukakutana na nini? Watu walikuwa na hasira, mwanangu. Nikajisemea, Alhamisi atakuja, atasema mwenyewe." Akajifunika vizuri leso yake. "Ila umenikera. Njia uliniomba nikakupa. Vitambaa ulikuja ukafunga kimya kimya kwenye ua wangu, hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia, rangi hizo hapana."

Nililia, jamani. Nililia nimesimama na taiti yangu mbele ya watu wote, kamasi zinanitoka. Bibi mwingine akaona haya kwa niaba yangu, akanitupia leso akasema, "Jifunge kwanza, halafu ulie."

Hukumu yangu ilikuwa fupi: nivifungue vyote mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Nikatembea kuzunguka ziwa nimevaa helmeti na leso, na kijiji kizima nyuma yangu kikihesabu kwa sauti. "Kumi na saba! Kumi na nane!" Kila nilipofungua kimoja, waliokuwa nyuma wakafyeka pale kilipokuwa ili wahakikishe hakuna kingine kilichojificha. Wengine wakachota udongo, wakaziba mashimo kwa sababu walikuwa wamesimama bure. Nilipofika arobaini na tatu nikageuka nyuma, nikaona njia safi toka mwanzo hadi mwisho. Mweria mzuri kama huu sijawahi kuuona.

Tulikuwa tunakula wali na pojo uani kwa Hawe wakati bodaboda ilipofika. Akashuka mama nadhifu, gauni la maua, pochi mkononi. Mganga mwenyewe. Karisa akaanza kumweleza, akisita kila baada ya neno. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akakiokota kitambaa kimoja, akaligeuza fundo, akaguna. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kwenye taiti iliyochungulia chini ya leso, hadi nywele zilizolowa jasho.

"Huyu," akamwuliza Karisa, "ndiye mliyedhani ni mimi?"

Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu aliyevaa vizuri. Jogoo alipewa yeye, na sahani ya pojo juu.

Nikawa nakusanya vitu vyangu niondoke. Tulikubaliana alama za Jumamosi zitakuwa vipande vya mitungi ya mafuta ya kupikia, ile ya njano, ambayo haijawahi kumtisha mtu. Hawe Kadzo akaniita. Akanyoosha mkono. "Nipe kimoja."

"Cha rangi gani, Hawe?"

"Chekundu."

Watu waliacha kutafuna. Akainuka polepole, akaenda mpaka kwenye nguzo ya ua wake, akakifunga pale, mafundo mawili, bila haraka. Kisha akageuka akawatazama majirani zake wote, mmoja baada ya mwingine.

"Hiki nimekifunga mimi, Kadzo. Hapa wageni wa Jumamosi wapinde kona. Mwenye swali aniulize mimi, nipo."

Watu wakarudi kwenye wali wao.

Basi ndiyo siku yangu hiyo. Ukinikuta porini narudi kinyumenyume nikila yai, nakuomba, nisalimie kwanza uniulize nafanya nini. Ukimaliza kuuliza, cheka, ila usinitie kuku mkononi.